Mke Amenifungia Nyama ya Chumvi kwa Sababu ya Injini

Bi Drusilla wa ukurasa wa ushauri gazetini, msaada wako nauhitaji, lakini kwanza ujue unasoma barua ya nani. Nina miaka sabini na tisa. Treni ya kisiwa imekufa mimi nipo, samaki wa chewa wameisha baharini mimi nipo, nimezika mapadre wanne na mbwa saba, na yule daktari aliyeniambia nikiendelea na tumbaku sitafika sitini nilimbebea jeneza mimi mwenyewe, upande wa kushoto, mbele. Mashua mbili zimezama chini yangu na mara zote mbili nilirudi nyumbani kofia ikiwa kichwani. Shule niliishia darasa la tatu kwa sababu baba alihitaji mtu wa kuvuta nyavu. Barua za nyumba hii huandikwa na mke wangu Tryphena, ila hii naandika mwenyewe kwa kuwa shida ni yeye, kwa hiyo mwandiko usiucheke, mwanangu.

Shida yenyewe ni hii. Jumapili tano sasa mke wangu hajapika nyama ya chumvi. Hakuna kabichi, hakuna tanipu, hakuna dengu za kuchemsha ndani ya mfuko, Jumapili narudi kanisani nakuta mkate na kopo la dagaa na uma mmoja. Miaka hamsini na tatu ya ndoa jambo hili halijatokea, hata mwaka ule alipojifungua siku ya Jumapili alikuwa ameshaacha sufuria jikoni. Nikimuuliza anasema, "Kamwambie Ambrose kwanza." Swali langu kwako ni fupi: mke anaruhusiwa?

Sasa nikueleze ilivyokuwa, bila kutia chumvi.

Ambrose Keeping ni shemeji yangu, kaka wa Tryphena, mgane, ana miaka sabini na nne na nyonga ya chuma. Kutoka mlangoni kwake mpaka barabarani lazima apumzike mara mbili, lakini mpandishe kwenye pikipiki yake ya matairi manne, kabla hujamaliza kufunga kamba za viatu yeye ameshafika kwenye kibanda chake kule ziwani. Pikipiki hiyo ndiyo miguu yake. Kila mwaka mimi na yeye tunachukua kibali kimoja cha kuwinda mnyama, yule wa pembe pana kama makoleo, mimi napiga yeye anabeba, au yeye anapiga mimi nasema nimepiga mimi, tunagawana nusu kwa nusu na friza mbili zinajaa, na imekuwa hivyo miaka thelathini na sita.

Mwezi wa saba injini yake ikaanza kutoa moshi wa bluu na kula oili kama mlevi. Tryphena akasema ipelekwe kwa fundi wa mjini. Nikamwambia fundi gani, huyo fundi hajazaliwa mimi nilikuwa nafungua injini za mashua, zile za silinda moja, katikati ya mawimbi, kwa kisu na kipande cha kamba. Ni kweli injini ya pikipiki nilikuwa sijafungua hata moja. Lakini injini ni kama samaki, ukishapasua mmoja umepasua wote.

Tukaagiza kitabu cha ile pikipiki, pistoni mpya, ringi, gasketi na beringi mbili za krenki, zile bangili za gololi zinazoshika mhimili wa injini, kila kitu kwa posta. Kitabu kilikuwa na maneno mengi kuliko Biblia, kwa hiyo Ambrose akawa anakaa kwenye kiti karibu na jiko la kuni bandani kwangu, kioo cha kukuzia maandishi mkononi, ananisomea, na mimi natenda. Macho yake na mikono yangu. Nakiri zile zilikuwa siku nzuri. Alikuwa anafika saa mbili asubuhi amenyoa ndevu, mtu ambaye tangu mkewe afe hakuwa ananyoa ila kwa mazishi.

Kufungua kulikwenda vizuri. Kila bolti nilichora mahali pake kwenye ubao kwa chaki, Clar Snook, jirani yangu, akaegemea ubao kwa koti lake akaondoka na nusu ya injini mgongoni. Nilimsimamisha barabarani nikanakili tena kutoka kwenye koti.

Pistoni ilipofika ikawa si saizi yake, tukairudisha, kungoja ya pili kukachukua siku kumi na tisa. Sasa beringi nilikuwa nimeshazitoa kwenye karatasi zake. Ambrose alisema ziachwe humo. Nikasema beringi inakaa ndani ya mafuta taa, baba yangu alihifadhi hivyo, na kutu haikuwahi kuingia nyumbani kwetu. Nikachukua ndoo ambayo nyama ya chumvi hununuliwa nayo, pale barazani.

"Kitabu kinasema chombo safi na kikavu," Ambrose akasema.

"Ndoo hii ilikuwa na nyama wanayokula watu. Unataka usafi gani zaidi?"

"Na kikavu, shemeji. Kimesema na kikavu."

"Namwagia mafuta taa mpaka juu. Ukavu wa nini tena?"

Bi Drusilla, wewe ni wa kisiwa hiki, unajua. Ndoo ya nyama ya chumvi hapa kwetu ndiyo kapu la matunda ya mwituni, ndiyo ndoo ya deki, ndiyo kiti cha mgeni wa tano, misumari yangu yote imo ndani ya ndoo hizo na mjukuu wangu wa kwanza alioshwa ndani yake. Nani anachungulia ndani ya ndoo? Nikatumbukiza, nikamwaga, nikafunika.

Pistoni ya pili ilikuja saizi yake. Nikatoa beringi, nikazifuta, nikazitia friza ili zisinyae, na bloku la injini nikalitia kwenye oveni ya Tryphena ili litanuke, maana ndivyo kitabu kilivyoagiza, zikaingia zenyewe bila nyundo. Mkate wa siku ile ulinuka oili na Tryphena aliutupia ndege. Ndege waliula. Lakini kabla sijazitia friza Ambrose aliomba moja, akaishika kwenye mwanga wa dirisha, akaitazama na kile kioo chake.

"Leander, hii ina madoadoa."

"Wapi?"

"Humu kwenye gololi. Kama vitobo vya sindano."

Niliitazama. Mimi sikuona kitu, na miwani yangu ilikuwa nyumbani. Nikamwambia, "Madoadoa yako kwenye macho yako, shemeji. Uzee umekuingilia dirishani."

Akacheka kidogo. Akakifuta kioo chake, akatazama tena, akanirudishia.

Kufunga injini kulichukua siku nne, mbili zikiwa za Clar. Yule mshenzi alidondosha nati moja mezani nilipokuwa nje, nikarudi nikaikuta, nikadhani imebaki. Nikafungua yote upya kuitafutia mahali. Siku ya pili Clar akaja na bia akasema, "Mzee, hiyo nati nikiihitaji utanirudishia? Ni ya mashua yangu." Watu walicheka mpaka kwenye gati. Nilimrudishia kwa kumlenga.

Siku ya kuwasha kila mtu alikuja bandani, na padre wa tano pia. Nilimpa Ambrose heshima ya kutia oili yeye mwenyewe, kwa kuwa pikipiki ni yake. Alimimina polepole, akachomoa kijiti cha kupimia, akakileta karibu na pua, akasema imefika kwenye mstari. Nikabonyeza stata. Bi Drusilla, iliwaka mara ya kwanza! Mara ya kwanza! Mtu wa miaka sabini na tisa, darasa la tatu, injini yake ya kwanza ya aina hiyo, na haikutoa hata moshi wa sigara. Nilitoa hotuba fupi. Tryphena anasema haikuwa fupi.

Ambrose akapanda, akaondoka, akapungia watu mkono kama mfalme. Dakika kumi na moja. Akiwa katikati ya kilima cha kanisa tukasikia sauti kama mtu anatafuna kokoto, halafu kimya. Injini ilikuwa imejamu. Tulimkuta ameketi juu yake, mikono bado kwenye usukani, kwa sababu kushuka peke yake hawezi.

Clar akauliza, "Oili katia nani?"

Nikasema, "Ambrose."

Sikusema uongo. Aliyetia oili ni Ambrose, niliulizwa nikajibu. Watu wakamtazama. Yeye akasema, "Labda ule mstari sikuuona vizuri. Macho yangu siku hizi." Wakasema pole mzee, wakaisukuma pikipiki mpaka bandani kwangu.

Wiki iliyofuata niliifungua nikiwa peke yangu. Oili ilikuwemo yote, kipimo kamili, haikupungua hata kijiko. Beringi ndiyo iliyokuwa imeliwa, gololi zina mashimo kama jino bovu. Nikawa nawaza ni kiwanda gani kinauza takataka hii, na hapo hapo Tryphena akaingia kutafuta ndoo yake, akafunua, akaingiza kidole mpaka chini, akakionja.

"Leander, ndoo hii sikuwa nimeimwaga. Maji ya chumvi ya nyama yalikuwemo chini. Hizi beringi zako zimelowa kwenye maji ya chumvi siku kumi na tisa."

"Nilitia mafuta taa."

"Mafuta taa yanaelea, mzee. Umekaa baharini miaka sitini hujui kipi kinaelea?"

Basi, ndiyo hayo. Hakuna mtu aliyeumia. Lakini tangu siku ile ya kilima Ambrose amebadilika, na Tryphena anasema ni juu yangu. Bunduki yake amempa mpwa wake. Kibali cha mwaka huu ameniandikia nichukue peke yangu. Kusoma ameacha, anasema mtu asiyeona mstari wa oili ataona nini. Amekubali kitanda kwenye nyumba ya wazee kule mjini na anahamia Ijumaa ya kwanza ya Novemba, na juzi alinijia na chupa ya ramu, kwangu mimi, akaniomba radhi kwa kuniharibia injini yangu ya kwanza. Ramu niliipokea. Ningefanyaje? Haijafunguliwa.

Hilo la nyumba ya wazee ni uamuzi wa mtu mzima, simwingilii. Mimi nauliza habari ya chakula cha Jumapili tu. Ukitaka mashahidi wa haya yote, Clar Snook aliona, padre aliona injini ikiwaka mara ya kwanza, na Tryphena yupo, ingawa siku hizi kwangu anasema "sogeza mguu" na hamalizii. Ila Ambrose usimsumbue, anafunga mizigo.

Leander Pardy
Ghuba ya Pengo


Jibu la Bi Drusilla

Mzee Leander, barua yako nimeirusha foleni kwa sababu ya hiyo Ijumaa, na wenye barua za wakwe na mipaka ya mashamba wataniwia radhi.

Swali lako lina jibu fupi kama ulivyotaka. Ndiyo, mke anaruhusiwa. Mimi ningekunyima na dagaa.

Pole kwa injini. Nasema kweli, mzee wangu, kuifungua na kuifunga mashine usiyoijua katika umri wako, ikawaka kwa mara ya kwanza, si kazi ndogo, na hotuba yako nakuachia. Hata beringi si dhambi. Nusu ya kisiwa hiki ingetumbukiza kitu chochote kwenye ndoo hiyo bila kuchungulia. Mume wangu aliwahi kuhifadhi humo saa ya babu yake.

Lakini umeniandikia kurasa sita kuhusu sufuria, na katikati ya hizo kurasa kuna mtu anaondoka kwake. Umemweka kwenye mstari wa mwisho kabisa, pamoja na mizigo. Unasema hakuna aliyeumia. Mzee, mtu alikuwa hanyoi, akaanza kunyoa. Sasa amegawa bunduki.

Soma barua yako mwenyewe. Nani aliona kwamba ndoo inatakiwa iwe kavu? Ambrose. Nani aliona madoadoa ya kutu ambayo wewe, bila miwani, hukuyaona? Ambrose. Nani aliuona mstari wa oili, na oili ikakutwa kipimo kamili? Ambrose. Mara tatu macho yake yalikuwa sahihi, na wewe ukamwambia ni uzee. Yeye alikuamini, kwa kuwa amekuamini miaka thelathini na sita. Anakwenda nyumba ya wazee kwa sababu ya macho mazima.

Na usiniambie hukusema uongo. Uliulizwa nani katia oili, ukajibu kweli, halafu ukanyamaza mahali ambapo kweli nyingine ilikuwa inangoja. Kunyamaza huko ndiko Tryphena anakokulipizia kwa makopo ya dagaa.

Sasa fanya hivi, na usingoje Jumapili. Chukua ile beringi iliyoliwa, usiisafishe. Chukua na ndoo. Nenda kwa Ambrose kwa miguu yako, usimtume mtu, usipige simu, na ramu uirudishe ikiwa imefungwa hivyo hivyo. Kaa chini kabla hujaongea, maana ukisimama utatoa hotuba. Mwambie: madoadoa yalikuwepo, oili ilikuwa sawa, kosa ni langu. Ukisikia neno "lakini" linakuja mdomoni, funga mdomo. Usimwambie asiende mjini, wala usimbembeleze. Mpe ukweli, aamue yeye akiwa nao mkononi. Hapo ndipo utakapokuwa uamuzi wa mtu mzima.

Kisha kusanya watu bandani, Clar na padre na wote waliosema pole mzee, uyarudie yale yale mbele yao. Ulimwachia lawama mbele ya watu, ukamwondolee mbele ya watu.

Na beringi mpya zikija, ziache kwenye karatasi zake mpaka siku ya kuzifunga. Kitabu kilisema.


Kutoka kwa Leander Pardy, baada ya wiki mbili

Bi Drusilla, ukali wako umezidi, na kurasa zilikuwa tano, ya sita ilikuwa bahasha.

Nilikwenda Jumatano. Masanduku yalikuwa mlangoni, matatu, yamefungwa kamba. Nilikaa kwenye sanduku moja kwa sababu viti alikuwa ameshavigawa. Nikasema yale maneno. Niliyasema mara moja tu, sikuweka lile neno ulilokataza, ingawa lilikuja mara mbili.

Ambrose alitafuta kioo chake, kilikuwa ndani ya sanduku nililokalia, ikabidi nisimame tufungue kamba. Akaichukua beringi akaenda nayo dirishani. Akakaa nayo muda ambao mimi ningefungua injini nzima.

"Kwa hiyo yalikuwa madoadoa," akasema.

"Yalikuwa."

"Ya kutu."

"Ya kutu."

"Si ya machoni."

"Si ya machoni, shemeji."

Nilingoja anitukane, nilikuwa tayari, nilikuwa hata na jibu. Akasema tu, "Kitabu kiko wapi?" Nikamwambia kiko bandani, pale pale alipokiacha, ukurasa nimeukunja. Akasema nisingekunja ukurasa, kitabu cha watu.

Bandani nilisema pia. Clar alicheka mpaka akakaa kwenye ndoo. Nikamwambia achungulie kwanza.

Kitanda cha mjini amewaachia wengine. Mpwa amerudisha bunduki. Beringi mpya zimefika na ziko ndani ya karatasi zake, na karatasi ziko ndani ya droo, na droo ameifunga Ambrose na ufunguo anao yeye. Mnyama bado yupo msituni mpaka mwisho wa msimu na hajui kinachomjia. Jumapili Tryphena alipika. Alinipa kipande kidogo, cha pembeni, chenye mfupa. Nimekula.

Ukitaka kuhakikisha haya, usiwaulize Clar wala padre. Muulize Ambrose Keeping. Ile beringi iliyoliwa iko mfukoni mwake, nimemwomba aitupe amekataa, anaitoa kanisani, anaitoa dukani, anamwonyesha kila mtu kwa kile kioo chake na kuwauliza kama na wao wanayaona madoadoa.